Kiwiko Kwenye Jalada la Santuri

Jina lake silitaji. Wanaomjua watamtambua kabla sijafika mbali, na wasiomjua hawajapungukiwa na kitu. Nitamwita Mwimbaji, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa. Kuna neno moja tu nililowahi kumwomba miaka yote tuliyokaa naye hapa Durban, nalo lilikuwa jina la mtu. Alininyima. Basi na mimi namnyima lake.

Tuanze na koo, maana Mwimbaji bila koo lake hasimuliki. Hakunywa maji baridi hata Februari, wakati kuta za fleti za Albert Park zinatoka jasho kuliko watu. Alifunga leso shingoni mchana kutwa, akatafuna tangawizi mbichi na kuitema kwenye kikombe cha bati alichokuwa nacho mkononi hata akipokea wageni. Mtu akivuta sigara kwenye ngazi, Mwimbaji alitoka mlangoni pake, ghorofa ya sita, akapaza sauti mpaka sigara izimwe ghorofa ya pili. Siku moja nilimwambia kwamba kelele zile ndizo zitakazomharibia koo, si moshi.

"Ile si kelele, mwanangu," akasema. "Ile ni amri."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, mingi, na yote ilimpendelea yeye. "Sauti ni moja, nyingine ni upepo." "Anayeshangilia sana hajasikia vizuri." Wasichana wa kwaya yake walipolegea, aliwaambia kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba kwaya ni mwili. Wao, maskini, waliamini. Jumapili ikifika akiombwa aimbe peke yake, alimwashiria mpiga ngoma apunguze, kisha wa kinanda apunguze, kisha kwaya ishushe, ishushe tena, mpaka ule mwili wote ukabaki kidole kimoja. Chawa alivunjika, sikatai. Alikuwa na sauti ambayo ikianza, mtu anasahau hata jinsi anavyomchukia.

Kanisa letu ni ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la vitanda. Wakongo ndio wengi, halafu Warundi, halafu sisi Wakenya wachache tunaojifanya tunajua Kiswahili kuliko wengine. Mwimbaji alifika Durban kwa mkutano wa injili, wakati kaseti zake zilikuwa zikilia katika kila nyumba kwetu Voi, na mkutano ulipokwisha hakurudi. Sababu hakuitoa. Mimi nilimkuta nilipokuja kusoma. Mama yangu alikuwa ameniambia kwenye simu, "Ukifika, mtafute mwenzangu. Mwambie ni wewe mtoto wa Wakesho."

Wakesho ndiye mama yangu. Naliandika jina hili waziwazi na nitaliandika tena.

Nilipojitambulisha, Mwimbaji alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Una paji lake," akasema. Akaniingiza ndani, akanipikia ugali na samaki, akanifungia na wa kuondoka nao. Nikamwita Auntie kuanzia siku ile. Nisiposema haya nitakuwa mwongo: yule mama alikuwa na mkono wazi kupita kiasi. Msichana wa Bukavu aliyefukuzwa kwenye chumba chake kule mtaa wa Point alilala kwenye kochi la Mwimbaji mpaka akapata kazi ya saluni. Wakimbizi waliokuwa wakihangaikia karatasi zao aliamka nao alfajiri, akapanga foleni pamoja nao, akawatolea chai kwenye chupa. Mimi nilipopasuliwa tumbo, alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda changu akininywesha uji kijiko kwa kijiko, na nesi alipotaka kumtoa aliimba wimbo mmoja tu, taratibu, na nesi akamletea blanketi. Angekuwa mbaya mtupu ningekwisha kumsahau. Mtu anayekulisha uji halafu akakunyima neno moja, huyo unakaa naye moyoni kama mwiba wa samaki.

Sasa santuri.

Kabla hajaokoka, kabla ya kaseti za injili, Mwimbaji alikuwa msichana wa bendi ya hoteli, kusini mwa Mombasa. Enzi zile bendi za hoteli zote zililazimika kujua kalipso. Watalii walivuka bahari kuja Kenya, halafu jioni wakataka kusikia nyimbo za visiwa vya upande wa pili wa dunia, na vijana wetu wakavaa mashati ya maua wakawaimbia. Mwimbaji alipachika ua nyuma ya sikio. Santuri yake ya kwanza ilitoka huko: upande mmoja kalipso za hoteli, upande wa pili nyimbo za kwao milimani, za kusaga, kuvuna na kubembeleza watoto. Haikuuzwa sana. Nyumbani kwetu ilikaa ndani ya foronya, juu ya kabati, na mama aliishusha tukiwa na wageni wa heshima.

Kwenye jalada yuko Mwimbaji peke yake, anacheka, ua sikioni, wavu wa samaki nyuma yake. Lakini ukitazama ukingo wa kushoto utaona kiwiko. Kiwiko cha mkono wa kike, na juu yake bangili mbili za shaba. Picha ilikatwa hapo. Nilipokuwa mdogo niliweka kidole changu juu ya kile kiwiko na mama akasema, "Hapo unanifinya."

Wakesho aliimba sauti ya pili kwenye santuri nzima, na katika wimbo wa kusaga hakuwa wa pili wa mtu. Wimbo ule ni wa wanawake wawili wanaokaa ana kwa ana kwenye jiwe la kusagia. Mmoja anauliza, mwenzake anajibu. *Nani huko mlangoni?* Na mwenzake: *Ni mimi, nifungulie.* Anauliza tena, umeleta nini, umepita njia ipi, na kila mara anajibiwa. Kanuni yake ni moja, na kila mwanamke wa kwetu aliyeshika jiwe anaijua: anayeuliza hasogei mbele mpaka ajibiwe. Asipojibiwa, anarudia swali. Ndivyo walivyopimana kama mwenzio amechoka au amesinzia, au ana hasira nawe.

Kwenye santuri, karibu na mwisho, kuna kosa. Mama anajibu kabla hajaulizwa. Halafu anacheka. Ni kicheko chake kabisa, kile cha kuanzia puani, alichokuwa akicheka maziwa yakifurika jikoni. Wenye mitambo walikipenda, wakakiacha. Mtu anayeimba peke yake hawezi kujijibu kabla hajajiuliza, kisha akajicheka. Hilo halihitaji shule.

Mwimbaji aliikana santuri ile miaka mingi. "Uchafu wa ujana," ndivyo alivyoiita mbele ya kwaya. Aliwakataza wasichana kusikiliza muziki wa dunia, na kalipso aliitaja kwa jina, ingawa hapakuwa na msichana hata mmoja pale aliyejua kalipso ni nini. Hata hivyo kalipso yenyewe haikumtoka. Kazi ya kalipso ilikuwa kijembe: unamtungia mgeni ubeti palepale, unamcheka usoni, naye anakupigia makofi. Jumapili moja mchungaji alihubiri mpaka harufu ya wali wa harusi iliyokuwa ikingojwa chini ikageuka harufu ya ukoko. Mwimbaji akasimama, kama aliyeguswa na Roho, akaanzisha pambio jipya: *Bwana yu karibu kurudi, na wali unapoa.* Ukumbi wote ukalipokea, Wakongo wakacheza mpaka leso zikadondoka, na mchungaji naye akapiga makofi. Nilicheka mpaka mshono wa tumbo ukauma. Nilimpenda sana siku ile.

Mama alipofariki, Voi, sikuweza kupata ndege ya kuwahi mazishi. Tukafanya matanga hapahapa, fletini kwa Mwimbaji. Ndiye aliyepanga kila kitu, viti, chai, nani azungumze lini. Aliimba, na hakuna aliyebaki na jicho kavu. Kisha akasimama kusema neno juu ya marehemu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na nikainua kichwa, maana nilijua linakuja. Nilijua atasema tuliimba pamoja. Akasema, "Dada yetu alikuwa mcha Mungu, mpole, na alipenda sana muziki."

Alipenda muziki. Hata mtu anayesikiliza redio anapenda muziki.

Msibani mtu hagombani. Na mama mwenyewe hakuwahi kulalamika. Nilipomuuliza zamani kwa nini jalada limemkata, alisema sauti ya kwanza ina kiu kuliko ya pili, tuiache inywe. Mimi si mpole kama Wakesho. Nafanya kazi kiwandani Mobeni, ukaguzi wa vifungashio, na kazi yangu ya kila siku ni kukataa kitu kilichokatwa vibaya.

Ikawa kijana mmoja mtayarishaji wa muziki kutoka ng'ambo ameiokota ile santuri sokoni, huko kwao, akaipenda, akamtafuta mwenye sauti mpaka akamkuta Albert Park. Santuri ikatengenezwa upya. Ghafla uchafu wa ujana ukawa karama. Kwaya ikaambiwa kwamba Mungu alikuwa akimwandaa mtumishi wake hata kwenye hoteli za wazungu. Wimbo wa kusaga ukaanza kulia barabarani, na mara ya kwanza nilipousikia nje ya nyumba ya mama ilikuwa dukani kwa Papa Trésor, Mkongo anayetengeneza simu, muumini mwenzetu. Nilikuwa nimempelekea simu yangu iliyopasuka kioo. Nikashika kaunta.

"Dada, uko muzuri?" akaniuliza.

"Wimbo huo, Papa."

"Ah! Ni ya Maman wetu, wa kwaya. *Vraiment*, ile mama ni hatari. Lakini sikiliza muzuri, iko sauti mbili mule. Ile ya pili ni ya nani?"

"Ni ya mama yangu."

Akazima feni ili asikie. "Mama yako wa kuzaa?"

"Wa kuzaa."

Wimboni mama akajibu kabla ya kuulizwa, akacheka. Papa Trésor naye akacheka, kisha akaona uso wangu. Akachukua jalada jipya lililokuwa kaunta, akaligeuza huku na huku. "Na jina yake iko wapi?"

"Hakuna."

"*Eish.*" Kwake hilo lilikuwa jambo la kutisha kweli. Wakongo wana desturi wanayoiita libanga, kutaja majina ya watu katikati ya wimbo, na mwanamuziki wao hawezi kumaliza wimbo kabla hajawataja marafiki, jamaa na wafadhili. "Kwetu anataja mpaka ule alimushonea suruali. Mpaka ule alimupa soda! Jina ni bure, dada. Unaitaja, na inabakia palepale."

Nikalichukua jalada nikalitazama. Walikuwa wameisafisha picha, rangi zinang'aa, ua jekundu kama limechumwa leo. Na ukingo walikuwa wameunyoosha. Kiwiko hakikuwepo tena.

Uzinduzi ulifanyika Point, kwenye moja ya yale majengo mapya ya ufukweni yenye vioo, mwendo mfupi tu kutoka vile vyumba alikofukuzwa yule msichana wa Bukavu. Mwimbaji alivaa kitenge cha samawati na, Mungu ananisikia, ua nyuma ya sikio. Mimi nilikaa safu ya pili pamoja na wasichana wa kwaya. Tulisikilizishwa wimbo wa kusaga mwanzo hadi mwisho, na pale kwenye kicheko ukumbi mzima ulitabasamu. Kisha yule kijana mtayarishaji akauliza, kwa adabu, swali ambalo nilikuwa nimelingoja tangu utoto: sauti ya pili ni ya nani?

Mwimbaji alicheka kidogo. "Ni mimi," akasema. "Zote mbili ni mimi. Niliimba moja, kisha nikaimba nyingine juu yake."

Makofi. Papa Trésor, aliyekuwa ukutani na simu yake akirekodi, aliishusha simu. Wasichana wa kwaya walipiga makofi kwa kuwa walifundishwa hivyo. Mimi nilikaa na mikono yangu mapajani, na hasira niliyoisikia ilikuwa safi kabisa, haina huzuni ndani yake.

Nilimpata nje, tukingoja gari.

"Auntie, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Mama."

Alirekebisha leso ya shingoni. Upepo wa bahari haukumfaa. "Mama yako alikuwa na sauti nzuri ya jikoni," akasema. "Jukwaa lilinitaka mimi. Yeye alitaka kuolewa, akaolewa. Kila mtu alipata alichotaka."

Nilipanda taxi yangu nikaenda zangu, na sikukanyaga fletini kwake muda mrefu. Kanisani nilihamia safu ya nyuma. Watu waliniuliza tumekosana nini, nikasema kazi nyingi. Papa Trésor hakuniuliza ila jina la mama, nikamtajia. Alianza tu kuniita "mutoto ya Wakesho", kwa sauti, barabarani, mbele ya wateja, na kila aliponiita hivyo nilisimama kidogo kabla ya kuitika ili jina likae hewani.

Mara ya mwisho kuonana naye ni mwaka huu. Alinipigia mwenyewe, akasema njoo Jumamosi mchana, kifua hakimwachi. Lifti ilikuwa imekufa. Nilipanda ngazi nikamkuta kwenye kochi lile lile la wageni, amekonda, leso mbili shingoni badala ya moja. Chai ya tangawizi ilikuwa tayari. Aliniuliza habari za Mobeni, akaniambia nimenenepa. Kisha akafika kwenye shauri lenyewe.

Kulikuwa na tamasha la muziki linakuja hapa mjini. Walimtaka aimbe wimbo wa kusaga, jukwaani, mubashara, si wa kwenye santuri. Wasichana wa kwaya amewajaribu wote. Wanaimba maneno, jiwe hawalijui.

"Wewe unalijua," akasema. "Amekufundisha. Utasimama nyuma kidogo, upande wa kushoto."

Upande wa kushoto! Nilikaribia kucheka kile kicheko cha puani.

"Nitaimba, Auntie," nikasema. "Ila kabla ya wimbo utasema jina la mama. Useme aliimba na wewe. Wakesho, basi. Sitaki kingine."

Akatema tangawizi kwenye kikombe chake cha bati.

"Nikilitaja leo," akasema, "watauliza kwa nini sikulitaja jana."

"Na waulize."

"Mwanangu, mimi ni mzee. Nimebakiwa na hili tu."

"Na yeye amebakiwa na nini?"

Lilikuwa swali la kweli na nilimpa nafasi. Yeye alifanya alichozoea kufanya tangu ujana wake kila mtu alipomshinda kwa maneno: alifumba macho akaimba. Sauti ilikuwa imekwaruzika lakini ilikuwa ileile, na mwili wangu ulinisaliti, miguu ikajipanga, mabega yakaegemea mbele kama niko jiweni.

*Nani huko mlangoni?*

Akaacha. Akafumbua macho, akanitazama, akangoja. Alijua kabisa mahali pale si pake. Miaka yote ile ya uongo, na mdomo wake wenyewe ulikuwa umefunga hapo hapo kwa heshima, ukimpisha Wakesho.

Jibu lilikuwa kooni mwangu. Nikalimeza na chai.

"Itikia mwenyewe, Auntie," nikasema. "Si ulisema zote mbili ni wewe?"

Nikachukua mkoba wangu. Sikuubamiza mlango, niliuacha wazi, apate hewa. Nilipofika ghorofa ya tano nikamsikia ameanza upya, kwa nguvu zaidi, ile sauti ya kuzima sigara. *Nani huko mlangoni?* Kimya. Ghorofa ya nne akarudia, mwendo uleule, akafika palepale, akaacha. Kijana aliyekuwa anapanda na jerikeni ya maji alisimama kusikiliza, akaniuliza, "Maman anaita nani?"

"Anaita Wakesho," nikamwambia, nikaendelea kushuka.